Huzuni ya Mbio Usizozikimbia

Katika darasa yetu kijana mmoja aliuliza suala ambalo baadhi ya wazee walilichekea, nami nikaona si la kuchekwa. Alisema: "Mtu akishindwa yeye mwenyewe, twafahamu kuhuzunika kwake. Walakini huyu ambaye timu yake imeshindwa, naye hakupiga mpira wala hakukimbia hata hatua moja, huzuni yake ni ya haki au ni upuuzi?" Mzee mmoja akajibu papo hapo kuwa ni upuuzi, na darasa ikaendelea. Nataka kulirudia suala lile, kwani jawabu hiyo ni nyepesi mno, tena haijapata kumzuia mtu hata mmoja asihuzunike.

Mwezi wa Agosti mwaka 2024 nilikuwa Ndanai, soko dogo la upande wa Sotik katika kaunti ya Bomet, nimefuatana na jamaa yangu auzaye nguo minadani. Ni nchi ya chai na ng'ombe wa maziwa, na baridi yake ya usiku si ya mtu wa Mombasa. Usiku wa tarehe 5 tuliketi mkahawani, na watu wamejaa mbele ya televisheni kutazama fainali ya mita 5,000 ya wanawake katika Olimpiki ya Paris. Mabinti wawili waliotazamiwa, Beatrice Chebet na Faith Kipyegon, ni Wakalenjin kama wenyeji wale, na Chebet ni mzaliwa wa Kericho, jirani kabisa. Mzee aliyekaa karibu nami alinikumbusha kwamba nishani ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki, ile ya shaba ya mita 800 kutoka Tokyo mwaka 1964, ililetwa na Wilson Kiprugut Chumo, mtu wa Kericho vilevile. Tangu siku ile, akasema, huku kwao hapana mbio zikimbiwazo na mtu mmoja.

Zilipokaribia kwisha, Kipyegon na Gudaf Tsegay wa Ethiopia walisukumana kidogo. Katika mnyoosho wa mwisho Chebet akampita Kipyegon, akafika kwa dakika 14 na sekunde 28.56. Kipyegon akawa wa pili, na Sifan Hassan wa Uholanzi wa tatu. Watu waliruka, chai yangu ikamwagika, na hapana aliyenitaka radhi, wala mimi sikuihitaji radhi hiyo. Kisha khabari ikaja kwamba Kipyegon ameondolewa kwa kumzuia mwenzake. Nyumba nzima ikanyamaza. Dhahabu walikuwa nayo mkononi, lakini hapana aliyeitaja tena! Mama aliyekuwa akituandalia chai alijifunika uso kwa leso yake. Baadaye usiku ule ule rufani ya Kenya ikakubaliwa, nishani ya fedha ikarudi, na waliokwisha kulala wakagongewa milango waamke wasikie. Nami niliamshwa, nikafurahi kama niliyezaliwa huko.

Asubuhi yake, nikisoma khabari zile kwa utulivu, ndipo nilipomwona mtu ambaye usiku hatukumtaja. Kwa saa zile chache alizoondolewa Kipyegon, nishani ya shaba ilikuwa ya Nadia Battocletti wa Italia, aliyefika wa nne. Fedha iliporudi kwetu, shaba ilimtoka yeye. Simlaumu mtu, kwani haki ilirudi kwa mwenyewe. Lakini vigelegele vyetu vilipigwa kwa uamuzi ule ule uliomvunja moyo binti mwingine, na katika mkahawa ule hakuna aliyelifikiri hilo, mimi nikiwa mmoja wao. (Siku 4 baadaye alipata fedha ya mita 10,000, nyuma ya Chebet kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde. Nilifurahi, na nadhani furaha ile ilikuwa na deni ndani yake.)

Jambo hili si geni. Anas amesimulia khabari ya al-Adhbaa, ngamia wa Mtume (S.A.W.), ambaye hakuwa akipitwa mbioni. Akaja bedui mmoja juu ya ngamia mchanga akampita, na jambo lile likawa zito kwa Waislamu, hata Mtume akalitambua. Hakuwaambia kuwa huzuni yao ni upuuzi. Aliwafahamisha kwamba hakuna kinachopanda katika dunia hii illa Mwenyezi Mungu hukishusha. Nami kila nikiikumbuka khabari hii humwaza bedui yule, ambaye hapana shaka alirudi kwao siku ile na la kuwasimulia watoto wake.

Basi namjibu kijana wetu kwamba kuhuzunika pamoja na watu wako si upuuzi. Lawama huanza pale mshabiki anaposahau kwamba upande wa pili nako kuna watu, na huzidi pale huzuni yake inapolipwa na asiyehusika nayo. Sisemi habari ya kamari, kwani hiyo ina hukumu yake na yaeleweka. Wala asiseme mtu kuwa ni mchezo tu: mwaka 2009 magazeti yaliandika juu ya kijana wa Nairobi aliyejiua baada ya Arsenal kutolewa na Manchester United katika nusu fainali ya Ulaya.

Mimi mwenyewe sina ubora wa kumhubiria mtu. Tarehe 22 Agosti 2025 Kenya ilicheza na Madagaska katika robo fainali ya CHAN, pale Kasarani. Siku 12 kabla yake tuliifunga Moroko bao 1 kwa 0, na barazani kwetu watu walikwisha kuligawa kombe. Mchezo ukaenda sare ya 1 kwa 1, na kwa penalti tukatolewa, 4 kwa 3. Nilirudi nyumbani, binti yangu mdogo akanifungulia mlango na kunipa mkono aniamkie, nami nikampita kama sikumwona. Mamake aliona, hakusema neno. Yule mtoto hakukosa penalti yoyote.

Yule mzee aliyejibu kuwa ni upuuzi alikuwa nasi barazani jioni ile. Penalti zilipokwisha aliinuka akaenda zake bila kuaga, na bakora yake akaiacha imeegemezwa ukutani. Nilimpelekea siku ya pili. Aliipokea, akaniuliza hali ya watoto, wala habari ya mpira haikutajwa.