Mkono Uliorusha Bonge Ndio Ulioshika Kamera

Nasema nanyi mnaosimama kwenye daraja la Kilombero jioni na simu mikononi. Nasema nanyi mnaoshuka Kivukoni kukodi mtumbwi, shingoni mmening'iniza kamera yenye lenzi ndefu kama mchi. Nasema na wewe mwenye mtumbwi, unayepokea noti ili umfurushe ndege mtini. Mnafanya uovu, na mnaufanya huku mkicheka.

Kwazi mnamjua, wengine humwita furukombe. Kichwa cheupe, kifua cheupe, mabawa meusi, tumbo jekundu la rangi ya kichuguu. Alfajiri, kabla moshi wa majiko haujapanda, sauti yake imeshavuka mto mara mbili. Kisha hutua juu ya mkuyu na kutulia, na huweza kukaa hapo nusu ya siku bila kufanya lolote mnaloliona ninyi. Mnamwita mvivu. Anayatazama maji. Kila mruko humgharimu nguvu, na nguvu hiyo hulipwa kwa samaki ambaye mara nyingi humponyoka. Ndiyo maana haruki ovyo, na ndiyo maana asiye na subira humtupia kitu ili aruke.

Niliwaona kiangazi kilichopita. Hawakuwa wageni kutoka ng'ambo, kama wengi wetu tunavyopenda kudhani tukisikia habari za namna hii. Walikuwa vijana wa kwetu, Kiswahili chao cha mjini, mavazi yao safi. Kwazi alikuwa ametua kwenye mkuyu ulioinamia maji. Wakataka aruke kidogo. Mwenye mtumbwi akagonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi; ndege akageuza kichwa tu. Akapiga mluzi. Kisha akasogea ukingoni, akamega bonge la udongo mkavu, akalitupa. Ndege akaruka, kamera zikaalika kama bisi sufuriani. Alipotua, bonge la pili. Alipotua tena, la tatu. Mimi nilikuwa ng'ambo ya mkondo, na kutoka upande wangu niliona ambacho wao hawakukiona au hawakujali kukiona: kwenye panda ya mti ule kulikuwa na lundo la vijiti pana kama ungo wa kupepetea mpunga, na juu ya ukingo wake kichwa kidogo chenye manyoya ya kijivu, mdomo wazi, kikihema kwa jua la saa sita. Mabawa ya mama ndiyo kivuli chake. Mama alikuwa angani, akizunguka na kulia, na wale wakipiga picha ya kilio hicho.

Kwazi hutaga mayai mawili kwa kawaida. Huyaatamia kwa wiki sita hivi, na kinda huhitaji nyingine kumi hivi kabla ya kuthubutu kuruka. Hiyo ni miezi karibu minne ya kulinda, kulisha na kutia kivuli. Mama akiondoka, kenge anajua njia ya kupanda mti, na kunguru haambiwi mara mbili. Picha yenu ilichukua mchana mmoja, na aliyeilipia hakuwa yeyote kati yenu.

Na msiniambie kwamba kumrushia samaki ni afadhali kuliko kumrushia udongo. Naivasha, kule Kenya, jambo hilo limegeuzwa biashara: mwenye boti hupiga mluzi, hutupa samaki mfu aliyetiwa kipande cha bua la mafunjo tumboni ili aelee, kwazi hushuka, mgeni hupiga picha na kulipa. Tazameni anayofundishwa ndege huyo. Anafundishwa kwamba mluzi wa binadamu ni chakula na boti ni rafiki. Mtamfundishaje tena kuiogopa boti yenye mtu aliyeficha sumu? Nanyi mliomrushia samaki mkaenda kuwaonyesha watu picha ile mkasema, nilimkuta akiwinda. Hamkumkuta akiwinda. Mlimwita kama kuku, na juu ya hayo mkasema uongo.

Mji wetu wa Ifakara una makanisa na una misikiti, na Ijumaa hadi Jumapili ninyi mnajaa humo. Torati ilimkataza mtu kumchukua ndege akiwa amelala juu ya mayai au makinda yake. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alimwona ndege akipapatika juu ya makinda yaliyochukuliwa na maswahaba safarini, akauliza ni nani aliyemtia huzuni mama huyu, akaamuru arudishiwe watoto wake. Ayubu aliulizwa kama ni kwa amri yake tai hupaa na kujenga kiota juu ya jabali, akaweka mkono kinywani. Ninyi mnajibu kwamba ndiyo, ni kwa amri yenu, na mkononi mna bonge.

Mnajua mmesimama wapi? Bonde hili la Kilombero, karibu kilomita za mraba 8,000, liliandikwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu kwa dunia nzima. Sheshe wa mbuga hizi wanajulikana mbali. Kuna ndege, mnana wa Kilombero, ambaye sayansi haikumpa jina hadi mwaka 1990, na makao yake ni hapahapa kwenye matete. Mvua za kwanza zikinyesha na kumbikumbi wakapanda, angani huja kozi na tai waliosafiri kutoka kaskazini ya mbali, wamechoka na wana njaa. Na wale wa kwetu wanapungua. Pungu, yule mwenye mkia mfupi anayepaa akiyumbayumba, aliingizwa mwaka 2020 kwenye kundi la walio hatarini kutoweka. Tumbusi wa mgongo mweupe aliwekwa mwaka 2015 mahali pabaya zaidi, hatua moja tu kabla ya kutoweka porini, kwa sababu watu hutia sumu mizoga ili kuua simba, au ili tumbusi wasizunguke juu ya mnyama aliyeuawa wakawaonyesha askari palipo na jangili. Sisemi kwamba mpiga picha ni jangili. Nasema kwamba ukiweka mtandaoni picha ya kiota pamoja na jina la kijiji na la mto, umemwelekeza jangili bila malipo.

Wavuvi wa Kindamba wanaoamka na mto huu hupita chini ya kwazi kila siku, na kwazi hatikisiki, kwa sababu hawana haja naye. Anayetaka picha ya kweli ajifunze kwao. Akae. Aende na maji yake na kofia yake, akae mbali, asubuhi nzima, na kesho arudi. Ndege akinyoosha shingo kukutazama, akiacha kula, akirusha kinyesi na kuinama mbele, ameshakwambia kwamba umekaribia mno, rudi nyuma. Na penye kiota usikae kabisa. Ipo picha utakayoikosa. Ikose.

Lakini lililonitoa usingizi halikutokea mtoni. Lilitokea ndani ya mji, kwenye ghala la mashine ya kukoboa mpunga. Bundi alikutwa juu ya boriti, yule mwenye uso mweupe mfano wa moyo. Macho ya bundi hayageuki katika matundu yake, kwa hiyo hugeuza shingo hadi robo tatu ya mzunguko. Mtu mmoja alipoona shingo ile akapaza sauti: mchawi! Basi zikaja tochi, zikaja simu, taa za simu zikammulika usoni hadi akapofuka kwa mwanga na kujigonga kwenye bati. Alipoanguka walimfunga mguu kwa kamba ya katani, wakamtanua mabawa, mmoja akashika huku na mwingine kule, na kila mtu akajipiga picha naye. Watoto walibebwa mabegani ili nao waonekane. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kumkamata mnyama wa porini bila kibali, na ndege yumo; hakuna aliyeikumbuka. Picha zilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp usiku kucha, na maneno chini yake: amenaswa akienda kuroga. Kufikia asubuhi alikuwa ameshakufa.

Nilikwenda. Chini ya boriti ile sakafu ilikuwa imejaa vidonge vya kijivu, kila kimoja kikubwa kama kidole gumba, vile ambavyo bundi hutapika baada ya kula. Nilikaa chini nikavibomoa kwa vidole kimoja baada ya kingine. Manyoya, na ndani ya manyoya mafuvu: panya shamba, panya shamba, panya shamba, meno yao ya rangi ya chungwa bado yameng'ang'ania taya. Katika kidonge kimoja nilihesabu mafuvu matatu. Panya jike mmoja wa aina hiyo huweza kuzaa zaidi ya kumi kwa mara moja. Kando yangu magunia ya mpunga yalikuwa yamepangwa hadi karibu na paa, na kwenye pembe za yale ya chini palikuwa na matundu mapya.

Nilimwonyesha mwenye mashine mafuvu yale kiganjani mwangu. Akatikisa kichwa, akasema ameshanunua sumu. Ameimwaga kandokando ya kuta. Panya aliyeila hafi papo hapo. Hutoka nje usiku akiyumba, taratibu, kwenye uwanja mweupe wa pumba, mahali ambapo bundi wa pili, aliyebaki peke yake, humwona kwa urahisi.