Nguo ya Pili Mkobani

Mwanangu, juzi ulinipigia simu ukilia. Una miezi mitatu tu kazini, na tayari unasemwa kijiji kizima: umekuja kuwatoa wasichana adabu, unakula fedha za wafadhili, wewe mwenyewe hujaolewa utamshauri nani. Nilikusikiliza, nikakupa pole, nikakata simu. Sikutaka kukujibu kwa haraka. Tena jambo la kukuambia si langu; nalikopa kwa mwanamke aliyeishi mbali nasi, akafa zamani, na ambaye kila nikichoka hunirudia moyoni.

Mwaka 1848, katika mji wa Pune, magharibi mwa India, shule ya wasichana ilifunguliwa katika jengo liitwalo Bhide Wada. Mwalimu wake alikuwa Savitribai Phule, aliyezaliwa tarehe 3 Januari 1831 katika kijiji cha Naigaon. Alikuwa bado binti mbichi. Siku zile kumfundisha msichana kusoma kulihesabiwa kuwa ni kuivunja dini na kuipindua nyumba. Basi kila asubuhi akipita kwenda kazini, watu walimtukana, wakamrushia matope na kinyesi cha ng'ombe. Yeye akawa anabeba sari ya pili. Akifika shuleni alivua iliyochafuka, akavaa safi, akaingia kufundisha.

Nimeitafakari sana sari hiyo. Zamani nilidhani aliibeba kwa ajili ya heshima yake. Sasa nafikiri vingine. Yule msichana mdogo aliyekaa chini akingoja herufi yake ya kwanza ana kosa gani hata anuse kinyesi cha barabarani? Hapo ndipo nasaha zangu zote zinapoanzia.

Ya kwanza: usiwafikishie unaowahudumia uchafu uliorushiwa njiani. Mwenyekiti amekujibu vibaya ofisini, na saa hiyo hiyo mama mwenye mtoto mgonjwa anakungoja kwenye benchi. Mama huyo hajakutukana. Ukimpokea kwa uso uliokunjamana, matope ya mwenyekiti umemrushia yeye. Simama kidogo nje ya mlango. Nawa uso, kunywa maji, jifunge upya kilemba chako, kisha umwite kwa salamu kamili. Hiyo ndiyo kubadili nguo.

Ya pili: usione haya kujifunza. Savitribai aliolewa akiwa na miaka kama 9, na mumewe, Jotirao, alikuwa na 13. Hakujua kusoma. Mumewe ndiye aliyemfundisha nyumbani, kisha Savitribai akaenda kusomea ualimu kwa walimu wengine. Kwa hiyo aliposimama mbele ya wasichana wasiojua kitu, alikuwa akiwatazama watu aliowahi kuwa kama wao. Wewe una cheti, nacho nakipongeza. Lakini usimcheke mzee anayeweka kidole gumba kwenye wino badala ya saini. Mshikie karatasi isiteleze, na umsomee yote yaliyoandikwa kabla hajaweka kidole.

Ya tatu, na hii ina uzito: msaada usiwe na kiti cha juu na kiti cha chini. Huko kwao watu wa matabaka yaliyoitwa najisi walikatazwa hata kuchota maji palipochota wengine. Mwaka 1868 Savitribai na mumewe wakayafungua maji ya nyumbani kwao ili watu hao wachote. Wangeweza kuwapelekea mtungi nje ya ua na bado wakasifiwa. Wao walichagua kuwaingiza uani. Kabla ya hapo, mwaka 1863, walikuwa wamefungua nyumba ya kuwapokea wajane waliopata mimba, wajifungue kwa salama badala ya kulazimika kuwaua watoto wachanga kwa kuogopa aibu. Mtoto wa mjane mmoja wakamchukua wakamlea kama mwana wao. Ndiye Yashwant, aliyekuja kuwa daktari.

Basi nawe ukienda kwenye nyumba ya mtu, piga hodi na ungoje ukaribishwe. Ukiona mkeka, vua viatu ukae, usitafute kiti. Chai ya rangi ikiletwa, usiseme umeshiba. Hiyo chai ndiyo inayomfanya mwenye nyumba awe mwenyeji wako badala ya kuwa ombaomba wako. Usitoe daftari kabla hamjaulizana hali. Picha usipige. Na siri uliyoambiwa jikoni isifike kisimani, hata bila kutaja jina, maana kijijini watu humjua mtu kwa dalili.

Ya nne: usibebe peke yako. Mwaka 1849 wazee wa nyumba waliona shinikizo la watu limezidi, Jotirao na mkewe wakaambiwa waiache shule au waiache nyumba. Wakaiacha nyumba. Aliyewasitiri ni rafiki yao Usman Sheikh, na Fatima Sheikh akafundisha pamoja na Savitribai. Wahindu hawa na Waislamu wale, chini ya paa moja, kwa ajili ya ubao na chaki! Kuna watu wema wanaopenda kutoa lakini hawajui kupokea. Hao huchoka mapema na kuchoka kwao hugeuka hasira. Ukialikwa kula, kula. Ukipewa bega, lilia.

Ya tano inahusu kuwakumbuka waliotangulia. Mwaka 1897 tauni iliikumba Pune. Savitribai alikuwa na miaka 66, mjane tangu mwaka 1890. Yashwant alikuwa akiwatibu wagonjwa nje ya mji, na mama alikuwa akiwapeleka kwake. Inasimuliwa kwamba alimbeba mtoto mgonjwa mgongoni mwenyewe hadi kwenye matibabu. Akaambukizwa, akafariki tarehe 10 Machi mwaka huo. Tangu mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Pune kinaitwa kwa jina lake, katika mji ule ule uliomrushia kinyesi.

Kuwa mwangalifu na habari hiyo ya mwisho, mwanangu, maana ni tamu. Watu wengi wakiisikia huanza kungoja chuo chao. Matope yalikuwa ya 1848. Mwenyewe hakukaa kuyaona majina ukutani. Wahenga walisema tenda wema nenda zako, na msisitizo uko kwenye kwenda zako. Vilevile sikuombi ufe kazini. Valia glavu zako, chukua likizo yako. Na siku ukisimama kwenye tanzia ya mwalimu au mtumishi wa watu, usimfanye malaika. Sifa nyingi mno huwapa waliobaki kisingizio: yeye alikuwa vile, sisi hatuwezi. Uliza badala yake: ni mtoto gani alikuwa akimfuatilia wiki aliyofariki? Nani atamfuatilia sasa? Atakayelijibu swali hilo ndiye aliyemkumbuka marehemu.

Nimekutumia kifurushi kwa basi la kesho alfajiri, kamwulize kondakta. Mna doti moja ya kanga, na doti unajua ni vipande viwili. Kimoja kikate, ukikunje, kikae mkobani. Cha pili mpe yule mwenzako unayefanya naye kazi, maana naye anapita njia hiyo hiyo.

Ni mimi, shangazi yako.