Mwenzi Salama ni Yupi? Aksoloti, Upweke na Faragha

Mtu anayefuga aksoloti hufika siku moja kwenye swali hili: nimtilie mwenzi gani ndani ya tangi? Aksoloti ni salamanda wa Meksiko anayeishi majini maisha yake yote. Salamanda wengi wakikua hupoteza matamvua na kutoka nchi kavu. Huyu hubaki na umbo la utotoni hata anapozaa, matamvua yake yakichanua nje ya kichwa mfano wa manyoya. Umbo hilo, pamoja na mdomo unaoonekana kama unatabasamu, limempatia nafasi katika nyumba nyingi za Ulaya na Marekani. Anayemtazama akiwa peke yake nyuma ya kioo humwonea huruma, na huruma hiyo ndiyo inayozaa swali la mwenzi.

Kwa upande wa ufundi, jibu linajulikana. Aksoloti huhitaji maji ya nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi, ilhali samaki wengi wa mapambo wa nchi za joto huhitaji nyuzi 24 au zaidi. Samaki wa dhahabu hustahimili baridi, lakini huchafua maji upesi na huyadonoa matamvua yale yanayopepea. Samaki wenye midomo ya kufyonza hujibandika kwenye ngozi yake laini. Kambare wadogo wana miiba mapezini, na aksoloti, ambaye hula kwa kufumbua kinywa ghafla na kuvuta maji pamoja na kilichomo, anaweza kukabwa nayo. Uduvi hawamdhuru, yeye ndiye atakayewala. Anayebaki ni aksoloti mwingine wa ukubwa uleule, na hata hapo wachanga hung'atana miguu, nao dume na jike wakiwekwa pamoja huleta mamia ya mayai.

Orodha hiyo si ngumu kuifuata. Linalohitaji kutafakariwa ni neno lenyewe, "salama". Uduvi ni salama kwa aksoloti, lakini aksoloti si salama kwa uduvi. Kwa hiyo kila tunapomwita kiumbe fulani mwenzi salama, tumekwisha kuamua ni usalama wa nani unaohesabiwa. Anayeamua ni mtu ambaye hataishi ndani ya maji hayo wala hatang'atwa na yeyote.

Ipo hoja moja inayotolewa mara kwa mara kupunguza uzito wa jambo hili. Aksoloti ana uwezo wa ajabu wa kujiponya: mguu ulionyofolewa huota upya pamoja na mfupa, misuli na neva zake, na matamvua yaliyodonolewa huweza kurudi. Basi, husemwa, hata akidhurika kidogo hakuna hasara. Hoja hii yafaa ikataliwe waziwazi. Aliyemwibia tajiri ameiba, ingawa tajiri hatalala njaa. Kupona ni kazi ya mwili wa aliyejeruhiwa, nayo haimpi aliyesababisha jeraha udhuru wowote. Tunaijua hoja hii pia katika maisha ya watu: mtu akisifiwa kwa uvumilivu, aghalabu ndiye anayeongezewa mzigo, na sifa yake hugeuzwa ruhusa ya kumwonea.

Swali la mwenzi limewahi kuulizwa kwa kipimo kikubwa kuliko tangi. Makao ya asili ya aksoloti yaliyosalia ni mifereji ya Xochimilco, kusini mwa Jiji la Mexico, mabaki ya maziwa makubwa yaliyokaushwa. Katika miongo ya 1970 na 1980 yalikuwa yameingizwa humo samaki wa kufugwa kwa chakula: karpu kutoka Asia, na perege, ambaye asili yake ni maji ya Afrika. Nia ilikuwa kuwalisha watu. Samaki hao waliongezeka, wakala mayai na makinda ya aksoloti na kushindania chakula chake, huku jiji likiendelea kuyachafua maji. Mwaka 1998 watafiti walikadiria aksoloti 6,000 katika kila kilomita moja ya mraba. Mwaka 2014 walikadiria 36. Sisi wenye kulijua Ziwa Victoria hatuhitaji kufafanuliwa sana. Sangara aliingizwa huko katikati ya karne iliyopita kwa nia inayofanana, na aina nyingi za furu zikatoweka. Katika maziwa yote mawili, wenyeji walichaguliwa mwenzi na watu waliokuwa na haja yao wenyewe.

Haja ya mfugaji ni ndogo zaidi, lakini nayo ni yake. Methali yetu husema mtu ni watu, na kwa kuwa tumelelewa ndani yake, kila kiumbe aliye peke yake hutuonekea amenyimwa kitu. Anayeishi ughaibuni katika chumba kimoja huiona picha yake ndani ya kioo kile. Hata hivyo, Kiswahili kimetupa maneno mawili pale ambapo huruma yetu huona hali moja. Upweke ni kukosa wenzio unaowahitaji. Faragha ni kuachwa na wengine ili uwe na nafasi yako. Aksoloti hana kundi analolitamani. Anachokitafuta ni maji baridi yaliyotulia, kivuli, kwa kuwa macho yake hayana kope, na mahali pa kujificha. Kumtilia samaki kumi ili asiwe mpweke ni kumpokonya faragha kwa jina la upweke asiokuwa nao.

Mtu anaweza kuuliza: je, kioo chenyewe si dhuluma kubwa kuliko jirani mbaya? Huenda. Lakini aksoloti wa majumbani wamezaliwa kifungoni kwa vizazi vingi, tangu kundi la aksoloti 34 lilipofikishwa Paris katika miaka ya 1860, na hawana ziwa la kurudishiwa. Aliyekwisha kumchukua mnyama huyu amejifunga kwake, na wajibu wake waanza kwa kutenganisha anachokihitaji mnyama na anachokitamani yeye kukiona. Mara nyingi, kwa swali la mwenzi, jibu la haki litakuwa: hakuna. Jibu hilo halipendezi machoni pa mgeni anayetazama tangi lenye mnyama mmoja aliyetulia chini ya kivuli. Lakini tangi halikuwekwa kwa ajili ya macho ya mgeni, au halikupasa kuwekwa kwa ajili hiyo.