Asubuhi Baada ya Mvua Kubwa
Masomo: Zaburi 147:12-20, Mithali 12:10



Zaburi hii yamsifu Mungu kwa ajili ya theluji, na sisi wa Bukoba na Muleba twaisoma bila kuwa na theluji. Hata wenye theluji walikuwa wagumu kuamini. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari wa CMS, aliona theluji juu ya Kilimanjaro. Habari zake zilipofika Uingereza, mabingwa wengine wa jiografia walimkatalia: theluji karibu na ikweta itoke wapi? Lakini ilikuwapo. Mungu hagawi vipawa vyake kwa kufuata mawazo ya mabingwa.

Kwetu ametugawia mvua. Mjini Bukoba hunyesha karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na nyingi huja kati ya Machi na Mei. Mawingu hujikusanya ziwani usiku, na alfajiri ngurumo hutuamsha. Mara nyingine huanguka mvua ya mawe, uwanja ukawa mweupe kwa dakika chache. Hiyo ndiyo theluji yetu.

Kisha mvua hukatika. Ni nani wa kwanza kutoka nje? Ni mbwa. Alikuwa amejikunja karibu na mafiga. Sasa anajikung'uta, anapita mbio kati ya migomba inayodondosha maji, anafika rweya ambako majani yamelowa na harufu zote ni mpya. Halafu anarudi kututazama, kama anayeuliza mbona tumechelewa. Watoto humfuata. Na mwezi wa Novemba, senene wanapoanguka, watoto na mbwa hutoka pamoja kabla jua halijapanda, na hakuna anayehitaji kuwahimiza.

Nasi wakubwa je? Twajua kuomba mvua inyeshe, na twajua kuomba ikome. Kuifurahia hatujui. Twatoka tukilaumu matope, twahesabu migomba iliyoanguka, na mwenye kutembea rweya bila jembe mkononi twamwita mvivu. Kazi ni amri ya Mungu, lakini na furaha pia ni amri yake. Ukumbukeni ule wimbo wa vijana watatu katika tanuru ya moto, uliomo katika Kitabu cha Sala. Mle manyunyu na umande, barafu na theluji, vyote vyaitwa kumhimidi Bwana. Baadaye waitwa wanyama, na baada yao ndipo twaitwa sisi wanadamu. Basi mbwa akitutangulia mlangoni asubuhi ya namna hiyo, anashika zamu yake sawasawa. Yatupasa kushika yetu.

Lakini, wapendwa, hatuwezi kumsifu Mungu pamoja na kiumbe ambaye twamtesa. Jina la mbwa tumelifanya tusi. Twamtaka akeshe usiku kucha akilinda ng'ombe na kahawa yetu, na asubuhi twamtupia jiwe badala ya chakula. Mithali yatufundisha kwamba mwenye haki hujali uhai wa mnyama wake. Lazaro alipolala mlangoni pa tajiri, mbwa ndio waliomwendea. Na katika kitabu cha Tobiti, ambacho Kanisa letu hukisoma kwa mfano wa maisha, Tobia alisafiri akiwa na malaika, na mbwa naye akafuatana nao. Msafara wenye malaika haukumfukuza mbwa. Mbona sisi twamfukuza?

Na kumjali mbwa ni kumjali mtoto anayecheza naye. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kuua: dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna anayepona. Karibu watu wote wanaoupata huupata kwa kuumwa na mbwa. Lakini chanjo ipo. Afisa mifugo akitangaza siku ya chanjo, tumpeleke kila mbwa wetu, hata yule asiye mkali. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile akachomwe sindano. Tusingojee kuona kama mbwa atakufa, wala tusiridhike na dawa za kienyeji. Furaha ya rweya isigeuke kuwa kilio nyumbani kwa sababu ya uzembe wetu.

Tena tukumbuke kwamba mvua ile ile iliyotupa asubuhi njema huenda imebomoa ukuta wa jirani. Basi tunapotoka kutembea, tupitie kwanza kwa mjane na kwa mzee aishiye peke yake. Tuangalie kama paa limevuja, kama kuni zake ni kavu. Tukitoka hapo, tuendelee mpaka rweya, tulitazame ziwa lililotulia, tuwaache mbwa wakimbie, nasi tuseme asante kwa sauti.

Tuombe: Ee Mungu, mwenye kutuma theluji kwa wengine na mvua kwetu, utupe macho ya kuiona kazi ya mikono yako, mioyo ya kuifurahia, na huruma kwa kila kiumbe uliyetupa tuishi naye; kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.