Uovu Usio na Mwenyewe

Tunapenda uovu uwe na mwenyewe. Misiba ikiandama nyumba, watu huuliza nani kaifanyia. Chama cha ushirika kikifilisika, hutafutwa mmoja wa kubebeshwa. Akishapatikana, usingizi huja. Kila ninaposoma habari za seli shina za saratani naiona hamu hiyohiyo maabarani, kwa watu makini ambao huwezi kuwatuhumu ushirikina.

Mwaka 1994, huko Toronto, John Dick na wenzake walichukua seli za wagonjwa wa lukemia kali ya myeloidi wakazipandikiza kwa panya wenye upungufu wa kinga. Seli nyingi hazikufanya lolote. Kwa makadirio yao, ni moja tu katika kila 250,000 hivi iliyoweza kuanzisha ugonjwa upya. Mwaka 2003, katika Chuo Kikuu cha Michigan, kundi la Michael Clarke likaona jambo kama hilo kwenye saratani ya matiti: seli 100 zenye alama fulani zilizaa uvimbe, na makumi ya maelfu ya wenzao wasio na alama hizo hawakuzaa kitu. Ikaonekana basi kwamba uvimbe una wazazi wachache wasiochoka, ndio seli shina, na umati wa watoto wanaogawanyika mara kadhaa na kufa. Tibakemia huwapata zaidi wale wanaogawanyika kwa kasi. Seli shina nyingi hutulia, huitoa dawa nje kwa pampu zao, hukarabati DNA yao. Uvimbe unasinyaa, jamaa wanamshukuru Mungu, kisha ugonjwa unarudi. Aliyewahi kulima shamba lenye ndago ameshaelewa: majani yamefyekwa, vijiazi vimebaki udongoni.

Basi tuchimbe vijiazi. Ni wazo zuri, na pengine uzuri wake ndio ulioliharakisha.

Mwaka 2008, hukohuko Michigan, Elsa Quintana na Sean Morrison walipandikiza seli za melanoma kwa panya waliopungukiwa kinga kuliko wale wa awali. Karibu robo ya seli, mojamoja, ziliota uvimbe. Kumbe uchache uliosifika ulitokana kwa kiasi na ukali wa mwenyeji. Kisha, mwaka 2017, watafiti wa Genentech kule California waliziua seli shina za uvimbe wa utumbo mpana ndani ya panya, zile zenye alama iitwayo Lgr5. Uvimbe haukufa. Ulipunguza mwendo, ukaendelea kutunzwa na seli ambazo hazikuhesabiwa kuwa shina, na mara mauaji yaliposimamishwa, seli hizo zilijaza nafasi iliyoachwa wazi na uvimbe ukaanza kukua tena. Hapo ndago inaniacha njiani, maana sijaona jani likigeuka kijiazi.

Sisemi kwamba seli zote ni sawa. Katika majaribio hayohayo, saratani iliyohamia kwenye ini ilishindwa kujijenga bila seli za Lgr5. Lakini ushina, angalau katika uvimbe wa namna hii, ni hali ambayo seli huingia na kutoka, na mahali ilipo seli huamua mengi. Aliyekuja kumkamata mhalifu amekuta kiti, na aliyekikalia leo si yule wa jana.

Nini basi kinachofanyika ndani ya kiti hicho? Katika lukemia moja, ya promyelositi, seli changa za damu hukwama utotoni: hazikomai, hazizeeki, zinaongezeka tu. Mwaka 1985, Shanghai, Wang Zhenyi alimpa mtoto wa miaka 5 asidi ya retinoiki, jamaa wa vitamini A. Dawa haikuziua seli kwa sumu. Ilizikomaza, nazo zikafa kama zifavyo seli nyeupe zilizokamilisha umri. Leo, ikitumiwa pamoja na aseniki, wagonjwa walio wengi hupona. (Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba kukomaa peke yake hakutoshi, lazima protini mbovu inayozuia ukomavu ivunjwe. Nisingependa hadithi hii iwe tamu kupita ukweli wake.)

Hapo ndipo ninapokaa muda mrefu. Mwili umejengwa na seli zilizokubali kufunga milango: hii imekuwa ngozi, ile utumbo, na zote mbili zitakufa zikiwa hivyo. Seli ya saratani huishikilia milango yote. Nasema seli, sisemi mgonjwa. Wapo waliokwisha kumwonea mgonjwa kwa mafumbo ya aina hii.

Je, ili mtu apone ni lazima seli hizo ziishe zote? Huko Ufaransa, watu 100 wenye lukemia sugu ya myeloidi, ambao kwa miaka 2 au zaidi vipimo havikuona chochote, waliacha dawa ya imatinibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: karibu 4 katika kila 10 hawakurudiwa. Tafiti nyingine zimekuta seli shina zenye kasoro ya lukemia hiyo bado zimo kwenye uboho wa watu ambao ugonjwa wao haugunduliki tena, na baadhi yao hawanywi dawa. Mtu wa namna hiyo amepona? Mimi nasema ndiyo, na simdai seli ya mwisho. Anapimwa damu mara kwa mara. Siku zilizobaki anafanya kazi, anaoza mabinti, anagombana na majirani.