Mwenye Nyumba ya Wageni Alilipwa

Somo: Luka 10:25–37

Baada ya mahubiri ya Msamaria Mwema, Pasta aliniagiza niandike kidogo katika jarida letu, kwa kuwa katika kikundi cha vijana ni mimi pekee ninayesomea uuguzi. Swali lake lilikuwa hili: kwa nini mtu achague kazi hii, tena aseme anataka kuwahudumia watu ambao huduma nzuri huwapita mbali? Nimeandika na kufuta mara kadhaa. Jibu linalotarajiwa nalijua. Ukiulizwa kwenye usaili, ama ukisimamishwa mbele ya kanisa, unasema, "Nina wito wa kuwasaidia wasiojiweza," watu wanapiga makofi, unakaa. Ni jibu zuri, na kwa sehemu ni la kweli. Lakini kuna kitu ndani yake kinachonisumbua, na naona hapa ndipo pa kukisema, kwa sababu nyinyi ndio mliolipa.

Nasema mlilipa kwa sababu mlilipa kweli. Karo yangu ya kwanza ya KMTC ilichangwa hapa baada ya ibada ya pili. Wengine mlitoa elfu, wengine hamsini, na kuna shosho aliyetoa sarafu zilizokuwa zimefungwa kwenye pindo la leso. Tangu siku hiyo, nikishuka stejini Jogoo Road na kuingia Mbotela, lazima mtu aniite: "Daktari wetu! Ukimaliza si utarudi kututibu?" Mimi hucheka na kusema nitarudi. Halafu usiku nafikiria. Je, ile harambee ilikuwa zawadi ama ilikuwa mkataba? Nikisema nina wito, nimeahidi nini hasa?

Turudi kwenye Neno. Kuhani tunamjua, Mlawi tunamjua, Msamaria ndiye shujaa wetu tangu Sunday School. Lakini kuna mtu mwingine pale ambaye mimi sijawahi kusikia akihubiriwa, naye ni mwenye nyumba ya wageni, mstari wa 35. Msamaria alifanya kazi kubwa barabarani, akamleta mgonjwa, akakaa naye usiku ule. Kesho yake akaondoka. Alikuwa na safari yake, na hakuna anayemlaumu. Aliyebaki ni mwenye nyumba. Ndiye aliyebadilisha vitambaa vya vidonda, ndiye aliyepika uji, na yule majeruhi aliposhtuka usiku akidhani wanyang'anyi wamerudi, nadhani ni yeye aliyeamka.

Na huyo alilipwa. Dinari mbili. Katika Mathayo 20 vibarua wa shamba la mizabibu walipatana dinari moja kwa siku, kwa hiyo mbili ni kibarua cha siku mbili. Bwana Yesu ndiye aliyekuwa anasimulia. Kama angetaka, angesema jamaa alimpokea mgonjwa bure kwa ajili ya upendo. Hakusema hivyo. Pesa ameziacha pale mezani, tuzione.

Kuna jambo lingine pale. Juu ya Msamaria tunaambiwa alimhurumia yule mtu. Juu ya mwenye nyumba hatuambiwi. Pengine alihurumia. Pengine alinung'unika kwamba ameletewa mgonjwa mahali pa mgeni wa kawaida. Yeye ameambiwa tu amtunze.

Hilo lilinisaidia sana nikiwa kwenye mazoezi ya wodini, zamu ya usiku. Saa tisa hivi, mzee mmoja aliyepooza upande alihitaji kusafishwa kwa mara ya tatu. Nilitafuta huruma ndani yangu nikakuta hakuna. Kulikuwa na usingizi na mgongo unaouma. Nikavaa glavu, nikamwita mwenzangu tumgeuze, tukamwosha, tukabadilisha shuka, tukaangalia kiuno na visigino kama ngozi imeanza kuwa nyekundu. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza asipogeuzwa kila baada ya muda, kama saa mbili hivi, ngozi inayobanwa hukosa damu na kufa, na kidonda chake kinaweza kuchimba hadi mfupa. Ngozi ya mzee ilikuwa salama. Akalala. Ile ngozi haikuuliza moyo wangu ulikuwa wapi.

Najua kuna mtu ataninyooshea 1 Wakorintho 13. Paulo anasema hata nikitoa mali yangu yote kwa maskini bila upendo, ni bure. Amina. Lakini soma vizuri uone anasema ni nani asiyefaidika. Anasema ni yeye, mtoaji. Hasemi kwamba wale maskini walilala njaa. Kwa hiyo hapa kuna maswali mawili ambayo sisi huyachanganya. Swali la moyo wangu ni zito, nami nitalijibu mbele za Mungu. Swali la mgonjwa ni jingine: amegeuzwa ama hajageuzwa? Mwanafunzi anaweza kuwa na ushuhuda unaoliza kanisa zima na bado akasahau kumpima mama presha baada ya kujifungua.

Sasa tufike kwenye hii lugha ya wito, maana imekuwa fimbo. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kuanzia Juni hadi Novemba, karibu miezi 5, wakidai mkataba wao wa malipo. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi. Nakumbuka watu wazima wakisema wauguzi wa siku hizi hawana wito, wanatafuta pesa tu. Na maumivu yalikuwepo, siyafichi. Mjamzito mwenye pesa alienda hospitali ya kibinafsi. Asiye nazo alijifungulia alikopata.

Mimi ninamwona tena mwenye nyumba. Msamaria alimwachia dinari mbili na neno: chochote kitakachozidi, nikirudi nitalipa. Hadithi inaishia hapo. Hatuambiwi kama alirudi. Tuseme hakurudi. Siku ya kumi mafuta yameisha, vitambaa vimeisha, watoto wa mwenye nyumba hawajala, na yule mtu bado hawezi kutembea. Amtoe nje? Hapana, hiyo siwezi kuikubali, mgonjwa hakuvunja ahadi yoyote. Lakini pia siwezi kukubali kanisa lisimame mlangoni kwa mwenye nyumba likimwambia, "Si ulisema una wito?" na lisimtafute aliyeahidi kulipa. Deni ni lake. Kama tuna sauti ya kumkemea muuguzi, tuwe na sauti hiyohiyo kwa serikali ya kaunti na ya taifa. Kuita haki ya mtu kuwa ni upungufu wa kiroho ni njia rahisi sana ya kutolipa.

Neno la pili linalonisumbua ni "wasiojiweza". Ni akina nani hao? Ukivuka reli kuelekea Mukuru utasema ni wale. Lakini mtu wa Lavington akitutazama sisi na nyumba zetu za kaunti, atasema ni sisi. Mamangu ameuza mboga miaka kumi na minne na kulea watoto watatu. Mwambie hajiwezi uone. Anajiweza. Kitu ambacho hana ni kituo cha karibu ambacho akifika saa mbili usiku atakuta mtu na dawa.

Tena kuna hukumu iliyojificha ndani ya msaada. Tarehe 12 Septemba 2011 petroli ilivuja kutoka kwa bomba kule Sinai, Lunga Lunga, watu wakaenda na mitungi, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Hadi leo utasikia mtu akisema, "Lakini si walienda kuchota mafuta ya wenyewe?" Msamaria hakuuliza kwa nini mtu ameteremka njia ya Yeriko peke yake ilhali kila mtu anajua ina wezi. Nami nafikiri sehemu kubwa ya kuwahudumia watu wa pembeni ni hiyo tu, kutouliza swali hilo.

Kuna mama mmoja wa kanisa letu ambaye ni mhudumu wa afya wa jamii, mmoja wa wale 100,000 waliopewa mikoba ya vifaa mwaka 2023, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Nilitembea naye Jumamosi moja nyumba hadi nyumba. Anajua nani ameacha dawa za sukari, anajua mtoto gani hajamaliza chanjo, anajua mlango gani usibishe bwana akiwa ndani. Nikamuuliza, "Mama, wewe uliitwaje kwenye kazi hii?" Akacheka. "Kuitwa? Nilichaguliwa barazani nikiwa nimekaa nyuma. Nikakubali. Sasa wananijua, nitawaachaje?"

Hilo jibu limenishinda nguvu. Sisi tunadhani nia inatangulia, safi kama maji ya mvua, halafu kazi inafuata. Yeye kazi ilitangulia, akawajua watu, na kule kuwajua ndiko kunakomshika. Nafikiri hata Anna Qabale Duba, yule muuguzi wa Marsabit aliyepewa tuzo ya kimataifa ya dola 250,000 huko Dubai mwaka 2022, tunamsifu kwa upande usiofaa. Tunaangalia dola. Mimi naangalia kwamba alirudi kijijini kwao Torbi, akajenga shule wanakosoma watoto na wazazi, na kupinga ukeketaji kwa watu ambao lugha yao anaijua. Mgeni mwenye moyo mkubwa kuliko wake angehitaji miaka mingi kufika alipoanzia.

Na wanaoondoka je? Kenya ilitia sahihi mkataba wa wauguzi na Uingereza mwaka 2021, na mwaka 2024 mkataba wa wafanyakazi na Ujerumani. Nusu ya darasa letu wanajifunza Kijerumani. Siwahukumu. Mzee wa Hamburg aliyeanguka bafuni naye ni jirani, na mwanafunzi mwenye wadogo watano anatuma pesa zinazolipa karo ya hao watano. Lakini Shirika la Afya Duniani lilihesabu mwaka 2020 upungufu wa wauguzi milioni 5.9 duniani, na karibu wote ni katika nchi kama zetu. Kila anayeondoka ana sababu nzuri, na ukijumlisha sababu zote nzuri unapata wodi ya wagonjwa arobaini na muuguzi mmoja. Hapo sijapata jibu la kumpa kila mtu. Kwangu mimi, mlinichangia, na nimeamua kuliita deni. Nitaanzia hapa Eastlands.

Ila nanyi mlikuwa Msamaria, na Msamaria aliahidi kurudi. Siku glavu zitakapoisha kituoni, ama mshahara ukikaa miezi mitatu, nitakuja kanisani, na sitaomba kapu lipitishwe. Nitaomba wazee wawili na akina mama wanne wenye sauti twende nao hadi ofisi ya MCA, tukae pale mpaka atutazame.

Kitabu cha Kijerumani cha rafiki yangu kiko kwenye begi langu tangu Machi. Sijakifungua, wala sijakirudisha. Mniombee mtihani wa Baraza la Wauguzi.