Haki ya Aliyeacha Chuo Njiani

Vijana wetu kadhaa waliacha chuo kikuu katikati. Tuseme mmoja alikuwa mwaka wa pili Bukavu vita vilipomfukuza. Sasa yuko hapa Uganda, anaomba kuhamia chuo kikuu aendelee pale alipoishia. Nafasi ni chache, waombaji ni wengi. Je, ni haki apimwe sawa na kijana ambaye hajawahi kukimbia?

Wako wanaojibu: sheria ni moja kwa wote, asiye na karatasi ya alama abaki nje. Lakini karatasi ni ushahidi tu wa elimu. Aliyekimbia usiku alibeba mtoto, hakubeba kabati la vyeti. Hata mwenye karatasi anaweza kudhulumiwa. Katika vyuo vya Kongo alama 70 kwa 100 ni sifa kubwa, lakini Makerere daraja la A huanzia 80. Asiyejua desturi hizo mbili atamwona mwanafunzi hodari kuwa wa kawaida.

Wengine, nasi tumo, husema: mkimbizi ameteseka, apewe nafasi bila kuulizwa. Hapo napo pana shida. Nafasi akiipata mmoja, mwingine ameikosa, na huenda huyo ni mtoto wa mkulima maskini wa nchi iliyotupokea. Yeye hakutufukuza kwetu. Tena muuguzi asiyejua dawa atamdhuru mgonjwa, hata kama ameteseka sana.

Basi, haki iko wapi? Naona hivi: wote wapimwe kwa maarifa, lakini njia ya kuyathibitisha iwe zaidi ya moja. Asiye na karatasi apewe mtihani, ahojiwe na walimu wa somo lake. Danieli na wenzake, mateka huko Babeli, walisoma miaka mitatu, kisha mfalme mwenyewe akawahoji. Hatusomi kwamba aliwadai vyeti vya Yerusalemu. Hata mkataba wa UNESCO wa 2019, ulioanza kutumika 2023, unazitaka nchi zilizouridhia ziweke utaratibu wa kupima kwa haki masomo ya wakimbizi, yakiwemo yasiyokamilika na yasiyo na hati.

Nasi wazazi tuna wajibu. Cheti cha kununua kinamnyang'anya mtu nafasi yake, na msajili akishadanganywa atamshuku kila Mkongomani atakayefuata. Msituombe pia sisi wachungaji barua za kusifu masomo tusiyoyajua. Tutaandika tabia tuliyoiona, basi. Kijana naye asikae bure akingoja majibu. Afungue madaftari, ili siku ya kuhojiwa awe na la kusema.

Mwaka 2019, duniani kote, vijana wakimbizi waliofika elimu ya juu walikuwa 3 tu kwa 100. Mlango huo ni mwembamba. Tuombe upanuliwe, lakini tusiuzibe sisi wenyewe kwa udanganyifu.